Wewe Nyama Gani?

Esther Jemutai alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, na hakuwahi kuona haya kwa hilo. Nzi akitua kwenye ukingo wa kikombe chake, chai ilimwagwa. Mtu akipenga kamasi kwa vidole halafu akamnyooshea mkono wa salamu, Jemutai alijifanya anatafuta kitambaa mfukoni mpaka mkono ule uchoke urudi ulikotoka. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi katika shamba moja la mzungu kule Soy, mahali ambapo ng'ombe walijengewa zizi la mawe na watu wakajiunda vibanda vya udongo. Pengine kinyaa chake kilianzia hapo, maana mtoto anayekua akiona ng'ombe analala pakavu kuliko mama yake hubaki na kitu kooni, na kitu hicho hakimezeki.

Baba yake, Mzee Arap Songok, alikuwa mchunga ng'ombe wa shamba hilo. Hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, ukikivuta zaidi ya hapo kinakatika. Lakini mambo ya Kinandi aliyajua na aliwafundisha watoto wake wawili kabla misheni haijawachukua. Aliwaambia kwamba kila ukoo una mnyama wake. Kuna watu wa simba, kuna watu wa nyuki, kuna hata watu wa fisi, na hakuna anayemcheka mwenzake. Wanandi wawili wasiojuana wakikutana njiani huulizana mnyama kabla ya kuulizana mengine mengi, kwa sababu ukishajua mnyama wa mtu unajua kama ni ndugu yako, au ni mkwe, au ni mtu unayeweza kumposea mwanao. Ni swali la heshima. Mtu hulijibu akiwa amesimama wima: mimi ni simba, mimi ni nyuki. Ukoo wa Arap Songok ulikuwa wa nyani. Nyani wakivamia mahindi yake aliwafukuza kwa kuwasema tu, akawaita ndugu zangu wasio na adabu, na jiwe hakuwatupia hata siku moja.

Kaka yake Jemutai alipobatizwa aliyatupa hayo yote pamoja na blanketi lake la zamani, na watoto wake hakuwaambia neno. Jemutai naye alibatizwa, ila yeye hakutupa. Aliyaweka tu mahali pa kimya, akasoma, akafunzwa ualimu, na kufikia mwaka 1953 alikuwa anafundisha katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni, ng'ambo ya Yamumbi, akivaa viatu vilivyong'aa hata wakati wa masika, wakati Eldoret nzima ilikuwa tope tupu na magari ya ng'ombe yakikwama katikati ya barabara kuu. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Chepkorir, binti wa kaka yake. Darasani alimkataza kumwita shangazi, ili wengine wasije wakasema kuna upendeleo.

Mwaka huo mwalimu mkuu, Miss Dunning, aliamua kwamba wasichana wa darasa la juu waende msitu wa Kaptagat kujifunza viumbe. Wasichana walipagawa kwa furaha. Wengi wao msitu waliujua kama mahali kuni zinakotoka, na kitu cha pekee walichokuwa wamekiona kwa safari ya shule ni kituo cha reli. Walianza kutunga nyimbo za safari kabla tarehe haijapangwa. Nekoye, kiranja wao, binti Mbukusu mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili, aliwapanga nani atakaa na nani kwenye gari ambalo hata halijapatikana.

Sharti la Miss Dunning lilikuwa moja tu: waende na kitabu. Hakutaka watu waende kukodolea miti macho na kurudi na kupe. Alitaka wawe na kitabu cha kuwatambulisha wanyama na ndege, chenye picha na majina, na kazi ya kukichagua alimpa Jemutai. Vitabu vilivyopatikana vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kidogo, kimechorwa kwa wino mweusi, na aliyekiandika alionekana kuishi maisha yake yote pwani na nyikani. Kilikuwa na twiga, kiboko na kasa, na ukitaka kuwaona hao Kaptagat basi labda wawe wamepotea njia. Cha pili kiliandikwa na mzungu wa hapo hapo nyanda za juu, Bwana Pelham wa Soy, ambaye watu wote walimwita Bwana Darubini kwa kuwa kifaa hicho kilining'inia shingoni mwake hata kanisani. Yeye aliwaandika wanyama wa misitu hii hii, kwa picha za rangi. Tena alikuwa na lori. Alikuwa amemwahidi Miss Dunning kwamba shule ikichukua kitabu chake, atawapeleka wasichana mwenyewe na kuwatembeza msituni siku nzima. Shule isipokichukua, hana haja ya kuchoma petroli yake kwa ajili ya kitabu cha mtu mwingine.

Kwa hiyo kuchagua kitabu ilikuwa kuchagua safari. Kila mtu pale shuleni alilijua hilo, mpaka mpishi.

Bwana Darubini ndiye aliyekuwa mwenye shamba ambamo Jemutai alizaliwa. Miss Dunning aliona hilo ni jambo jema sana, akamtuma Jemutai mwenyewe akakichukue kitabu na kumsalimia baba yake kwa safari hiyo hiyo. Jemutai alipanda basi la Kitale, akashuka Soy, akatembea njia aliyokuwa akiikimbia miguu mitupu zamani.

Alimkuta mzungu barazani, amevaa aproni, anachuna ndege. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake: kuwapiga risasi, kuwachuna, kuwajaza pamba na kuwapanga kwenye kabati. Mezani palikuwa na bakuli la nyama nyekundu laini zilizotolewa matumboni, na nzi wamejaa juu yake. Kando kulikuwa na mitungi ya nyoka waliolowekwa kwenye spiriti, weupe, wamevimba, wanatazama. Harufu ya mahali pale ilikuwa ya dawa na uozo pamoja, na Jemutai alisimama ngazini akipumua kwa mdomo. Alimsalimu kwa Kiingereza, akamweleza alichotumwa kwa Kiingereza, Kiingereza kizuri alichokihangaikia miaka mingi. Mzungu akamjibu kwa Kiswahili cha shambani, kile wazungu wanachotumia kwa watu na kwa mbwa.

"Wewe taka kitabu, chukua," alisema. "Toto ya shule yote mimi napeleka na lori. Mzuri sana."

Akajifuta mikono kwenye aproni, ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono yenyewe, akamkabidhi kitabu. Alama ya kidole chake ilibaki kwenye jalada, yenye mafuta. Jemutai alishukuru kwa Kiingereza tena, kwa ukaidi tu, akaondoka akikishika kitabu kwa ncha za vidole.

Lakini mtu wa haki ni lazima aseme kweli, na kweli ni kwamba kitabu kilikuwa kizuri. Jemutai alikifunua akiwa bado njiani kuelekea kambini na akajikuta amesimama. Mbega walikuwa wamechorwa na mashuka yao meupe mgongoni, mpaka ungedhani unaweza kuyashika. Kulikuwa na ndege wa kijani mwenye mbawa nyekundu, ambaye utotoni alikuwa akimsikia tu na kamwe hakumwona vizuri. Kulikuwa na pimbi, nungunungu, na paa mdogo wa vichakani, na kila mmoja ameelezwa anakula nini, analala wapi, analia vipi. Aliona jinsi wasichana watakavyogombania kukishika. Akili yake ilikuwa imeshakata shauri alipofika ukurasa wa nyani.

Hapo palikuwa na maelezo ya nyani, meno yake, makundi yake, wizi wake wa mahindi. Kisha mwandishi akaongeza kichekesho, maana watu wa aina hii hawawezi kumaliza ukurasa bila kuchekesha wenzao. Aliandika kwamba siku moja alimuuliza mchunga ng'ombe wake, mzee wa Kinandi, ni wanyama gani anaowajua. Mzee akajinyoosha akamwambia kwa fahari kubwa kwamba yeye mwenyewe ni nyani. Na mwandishi akamalizia: nilimtazama kwa makini, nikaona sina sababu ya kumpinga.

Jemutai alisoma maneno hayo mara moja tu. Yalimtosha. Alihisi mate yamemjaa mdomoni kama mtu anayekaribia kutapika, akayatema majanini, yeye ambaye hajawahi kutema mate njiani tangu abatizwe.

Alimkuta Arap Songok amekaa nje ya kibanda chake, anachonga fimbo. Mzee alifurahi kumwona, akamuuliza habari za shule na za mjukuu wake Chepkorir, akamwagizia maziwa kwa jirani. Jemutai aliweka kitabu magotini. Mzee akakitazama, akauliza ni kile cha Bwana? Akaambiwa ni chenyewe. Uso wake ukafunguka.

Akaanza kumsimulia, kwa Kinandi, kwa raha ya mtu anayesimulia jambo analolipenda. Alisema amemfanyia mzungu huyo kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa miaka yote hiyo hajaulizwa kitu ila ng'ombe wako wapi, maziwa yako wapi, na wewe mlevi au mgonjwa? Hata jina lake alikuwa hana hakika kama Bwana analijua. Kisha siku moja Bwana akaja malishoni na kalamu mkononi, akasimama mbele yake, akamuuliza kama mtu anavyomuuliza mtu.

"Aliniuliza mnyama wangu," mzee alisema. "Aliniambia, wewe nyama gani. Mimi nikafikiri, kumbe huyu siku zote alikuwa na adabu, ni kazi tu inayomsumbua. Nikamjibu vizuri. Nikamwambia mimi ni nyani, na baba yangu nyani, na babu yangu."

Jemutai akaelewa yote papo hapo, na heri asingeelewa. Huku bara, nyama si ya sufuria peke yake. Wazungu na watu wao humwita nyama kila kiumbe cha porini. Bwana Darubini alikuwa ameuliza, kwa Kiswahili chake kibovu, wewe najua nyama gani. Na mzee, kwa Kiswahili chake kibovu zaidi, aliokota maneno aliyoyafahamu, wewe, nyama gani, akayaunganisha, na yakawa swali la heshima kuliko yote anayoyajua. Akalijibu amesimama wima. Na yule mwingine akaandika kinyesi.

Mzee alisema kwamba na yeye alimuuliza Bwana mnyama wake, kama adabu inavyotaka, lakini Bwana alicheka tu akaondoka akiandika. Labda alikuwa na haraka. Labda wazungu huambiana siku ya pili. Kisha akaelekeza ncha ya kisu chake kwenye kitabu.

"Ameyaandika?"

"Ameyaandika, baba."

"Nilivyosema?"

Jemutai alitazama maziwa yaliyokuwa yameletwa. "Kama ulivyosema," alijibu.

Mzee akatikisa kichwa, ameridhika, akarudi kwenye fimbo yake. Jemutai aliyanywa yale maziwa mpaka chini, ingawa kulikuwa na unyoya mdogo unaelea, kwa sababu aliona akifungua mdomo kwa kazi nyingine yoyote atasema. Alichukizwa na mzungu, hilo halihitaji kuelezwa. Lakini alichukizwa pia na furaha ya baba yake, na kuchukizwa huko kukamchukiza zaidi, maana mzee alikuwa na kosa gani? Alikuwa ameheshimiwa mara moja katika utumishi wake wote, na hata hiyo mara moja haikuwa kweli.

Alirudi shuleni na kitabu kwenye kikapu, amekifunga kwa gazeti. Kesho yake alimwonyesha Miss Dunning ukurasa ule. Miss Dunning hakuwa mama mbaya. Aliuguza wasichana wenye surua kwa mikono yake mwenyewe, na alijua majina ya wote. Alisoma, na alipofika mwisho, pembe za midomo yake zilipanda kidogo sana kabla hajazishusha. Jemutai aliliona tabasamu lile likimezwa. Lingetoka lote lingekuwa afadhali.

Miss Dunning alisema ni mzaha tu, mzaha usio wa busara, na kwamba Bwana Pelham ana moyo mwema ila hana mke wa kumsomea kazi zake. Akatoa dawa yake: wachukue kipande cha karatasi nyeupe, wakipake gundi, wakibandike juu ya mistari ile. Wasichana hawatajua. Lori litakuja. Akamkumbusha Jemutai kwamba wasichana hawa hawatapata nafasi nyingine. Wengine mwisho wa mwaka watakwenda kuolewa, na hakuna mume atakayewapeleka kumtazama ndege.

Hayo yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana Jemutai alilala vibaya siku kadhaa. Aliiwazia ile karatasi. Gundi ya shule ilipikwa kwa unga wa ngano, na ikikaa hunuka. Aliwaza jinsi itakavyonuka kila wanapofungua hapo, na msichana mmoja mdadisi, bila shaka Nekoye, atakavyoibandua kwa ukucha. Aliwaza atakavyokaa ndani ya lori mbele, karibu na aproni ile, akisema thenki yu kila linaposimama. Kisha alimwazia Chepkorir akiinua macho juu ya mti na kumwona mbega kwa mara ya kwanza. Angekuwa peke yake angekata neno mara moja. Lakini aliyekuwa ananyimwa safari si yeye.

Mwishowe alikwenda ofisini akasema anachagua kile kidogo. Miss Dunning akamuuliza kama anajua maana yake. Akajibu anajua. Mwalimu mkuu akavua miwani, akasema kwa upole kwamba basi itambidi Esther awaambie wasichana mwenyewe, na awaambie kwa nini, kwa sababu yeye hataubeba mzigo ambao si wake. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hilo.

Jemutai aliingia darasani baada ya chakula cha mchana. Wasichana walimwona amekuja na vitabu vyote viwili, wakajipanga vizuri kwenye madawati, macho yanang'aa, wakidhani ameleta tarehe. Akawaambia hakuna safari. Akawaambia lori halitakuja kwa kuwa amekikataa kitabu cha mwenye lori. Hakuna aliyelia. Wengine waliinamisha vichwa, na mmoja nyuma akasonya, na katika shule ile kumsonya mwalimu lilikuwa jambo la viboko. Jemutai hakutafuta ni nani.

Nekoye alisimama kwa niaba ya wote. Aliuliza kwa adabu, lakini aliuliza: kitabu kina kosa gani, Mwalimu, nasi tulisikia ni kizuri sana?

Angeweza kusema kina makosa ya majina. Angeweza kusema kurasa zinatoka. Alikuwa na uongo wa kutosha, alikuwa ameutayarisha njiani. Lakini aliwatazama akaona kwamba amewanyang'anya kitu, na mtu aliyenyang'anywa ana haki ya kujua. Alifikiri pia, na hapa ndipo alipowapima vibaya, kwamba wakisikia watakasirika naye pamoja. Watachukizwa alivyochukizwa, darasa zima, na kinyaa hicho watakichukua maishani mwao kiwafae kuliko ndege wa kijani. Alifunua ukurasa wa nyani, akawasomea kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno, mpaka pale mwandishi anaposema hana sababu ya kumpinga.

Darasa likaangua kicheko.

Si kicheko cha aibu, si cha wachache. Walicheka wote, Wabukusu, Wamaragoli na Wanandi, walicheka kwa sababu Kiingereza chao kilikuwa kimekomaa vya kutosha kuuonja mzaha, na mzaha ulikuwa umetungwa vizuri. Walimwona yule mzee mshamba, na blanketi lake, anamwambia mzungu kwamba yeye ni nyani. Nekoye alikaa chini akajifunika uso. Na aliyecheka kuliko wote, akipiga dawati kwa kiganja, machozi yanamtoka, alikuwa Chepkorir.

Jemutai aliwangoja. Mate yalimjaa tena mdomoni kama njiani Soy, lakini safari hii hapakuwa na majani ya kuyatemea. Kicheko kilipopungua, Chepkorir akajipangusa macho kwa mkono wa sare yake, pumzi bado haijatulia.

"Mwalimu," aliuliza, "na huyo mzee ni wa wapi, jamani?"

"Ni babu yako," Jemutai alisema. "Na hivyo alivyojiita, na wewe ndivyo ulivyo, na mimi. Ni ukoo wetu."

Chepkorir alikuwa bado na kicheko usoni, hakujua akiondoe vipi, kikabaki pale kimemkaa vibaya huku macho yake yanamtafuta shangazi yake.